Kikosi cha Wazee wa Taifa

Palikuwa na nchi moja yenye adabu kupita zote. Jina lake tungelitaja, lakini wenyewe hawapendi kutajwa na watu ambao hawajawaamkia kwanza, kwa hiyo tuliache. Katika nchi hiyo mtoto hakupita mbele ya mkubwa bila kuinama, na hata mwizi wa kuku alibisha hodi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Serikali iliona kwamba kulitamka neno "vita" mbele ya wageni ni utovu wa adabu, ikaagiza viitwe Kutoelewana. Wale waliokuwa ng'ambo ya Mto Mavere wakiipiga Serikali risasi wakaitwa Wasioelewa.

Kutoelewana kuliendelea vizuri tu mpaka jeshi likaishiwa watu wazima. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbia, na wale wenye akili zao walikuwa wameteuliwa kuwa mawaziri. Kikosi cha mtoni kikaanza kupokea vijana, kisha wadogo zao hao vijana. Hakuna aliyeuliza kitu, mpaka siku wageni wa Haki za Binadamu walipokaribishwa kutazama gwaride. Askari mmoja wa mstari wa mbele, katika kupiga saluti kwa nguvu, aling'oka jino la utoto. Akaliokota, akalirusha juu ya paa la jukwaa kuu, akaomba kwa sauti aletewe jipya, kama afanyavyo kila mtoto aliyelelewa vizuri. Jino likateleza kwenye bati likaangukia mwavuli wa balozi.

Wageni walikasirika sana. Serikali haikukasirika. Iliunda Wizara.

Wizara ya Umri ilikabidhiwa Mheshimiwa Daktari Kibwana Lugoye, mtu wa maneno mazito, na siku ya kuapishwa alilihutubia Taifa kwa redio. "Ndugu wananchi," alisema, "mtu hazaliwi na umri. Anazaliwa mtupu, kama mnavyojua. Umri anaupatia hapa hapa nchini, chini ya jua letu, akila chakula chetu. Kwa hiyo umri ni maliasili, sawa na dhahabu na tembo, na mwenye mamlaka ya kuugawa ni Serikali. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sasa kwa nini tuwaache vijana wetu wakisubiri uende wenyewe?"

Akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila avaaye sare ya kikosi cha mtoni amezawadiwa miaka sitini. Ataitwa mzee, na raia wote watamwamkia. Na kwa kuwa katika nchi hiyo mzee hatumwi dukani wala kisimani, yeyote atakayemtuma mzee wa Kikosi atashtakiwa kwa kulivunjia Taifa heshima.

"Nani tena atasema tuna watoto jeshini?" Waziri alimalizia. "Aliye mtoto hayumo, na aliyemo si mtoto."

Wageni waliomba muda wa kulifikiria jambo hilo, wakapanda ndege wakaenda kulifikiria kwao.

*

Katika Mtaa wa Kinu walikuwepo wavulana wawili, Shomari wa Bi Siwema msusi, na Kombo wa jirani yake Bi Kidawa. Shomari alikuwa na miaka kumi na minne ya mtindo wa zamani, ile ya kuzaliwa nayo. Kombo alimzidi kidogo, ila kwa kimo walilingana. Walikuwa miongoni mwa wadogo wenye miguu ya kutumika, na mtaa mzima uliitumia. Asubuhi hadi jioni ilikuwa "Shomari, njoo nikutume," mara mafuta ya taa, mara ugoro wa bibi, mara kamwite fulani, mara kamwambie fulani kwamba mimi sipo. Hajatua ndoo ya huyu, yule ameshamwita. Nao hawakukataa, maana mtoto anayekataa kutumwa anatia aibu ukoo.

Hotuba ya Waziri waliisikilizia kwa kinyozi, walikotumwa kutazama kama kuna foleni. Habari za dhahabu na tembo ziliwapita. Habari za Wasioelewa hazikuwahusu. Walichosikia ni kimoja tu: mzee hatumwi. Wakatazamana, wakatoka bila hata kuangalia foleni.

Ofisi ya kuandikisha askari ilikuwa chini ya sajenti mmoja mchovu.

"Umri?"

"Kumi na minne," akajibu Shomari.

Sajenti aliweka kalamu chini kwa masikitiko. "Umekosea. Toka nje, vuta pumzi, uingie tena."

Shomari akatoka, akaingia.

"Umri?"

"Kumi na minane?"

"Mwanangu, nina watu wengine huko nje. Waziri alisema mingapi?"

"Sitini."

Sajenti akasimama, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mzee."

Shomari aligeuka nyuma kutazama nani ameingia. Alipoona hakuna mtu, kitu kitamu kilimpanda kifuani, kitu ambacho hajawahi kukisikia tangu azaliwe, akajibu, "Marahaba." Akapewa gwanda, mikono ikakunjwa na kukunjwa tena. Akapewa buti, bunduki na mkongojo. Mkongojo ulikuwa agizo la Wizara, ili hata mgeni anayetazama kwa mbali asipate shida ya kuelewa.

*

Bi Siwema alipopata habari, alikuwa katikati ya kazi. Alimwacha mteja upande mmoja umesukwa na upande mwingine timutimu, akaenda kambini kwa miguu.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alimwambia mlinzi wa langoni.

"Ana miaka mingapi, mama?"

"Kumi na minne."

"Hapa hatuna mtoto, mama. Sheria inakataza."

"Na yule pale, aliyechutama karibu na pipa?"

Mlinzi aligeuka, akatazama kwa makini. "Yule ni Mzee Shomari. Tafadhali, usiwanyooshee wazee kidole."

Akamweleza kwa upole kwamba hawezi kumtoa. Mama mwenye miaka thelathini na nane hana amri juu ya mtu wa miaka sitini. Kwa hesabu za Wizara, mzee ndiye angeweza kuja kumchukua yeye. Kuzungumza naye ataruhusiwa, akishamwamkia.

Bi Siwema alisimama mbele ya mtoto aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, akasema, "Shikamoo." Ilimuuma. Kina mama wengine waliokuwa kwenye ua wa kambi walitazama chini, kwa kuwa nao walikuwa wameshasema au walikuwa njiani kusema.

"Marahaba," akajibu Shomari, na sauti ikamkatikia katikati, kwa kuwa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kubadilika. Kisha akasogea, akanong'ona akitabasamu. "Mama, hapa hanitumi mtu. Tangu juzi. Hata mara moja."

"Na wakiwaambia mvuke mto?"

"Hiyo si kutumwa, mama. Hiyo ni amri."

Bi Siwema alimtazama usoni ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Akarudi nyumbani, akamalizia upande wa pili wa kile kichwa, na mistari ikatoka imepinda.

*

Wa kwanza kuvushwa mto walikuwa wachache, kwa majaribio. Kombo alikuwa mmoja wao.

Afisa wa Rambirambi alifika kwa Bi Kidawa na gunia la mchele na fulana ya Kombo iliyopigwa pasi. Aliomba watu watulie.

"Bi Kidawa, Serikali inakupa pole, na wakati huohuo inakupongeza. Marehemu Mzee Kombo amekula chumvi nyingi. Ametutoka kwa uzee."

"Kwa uzee," alirudia Bi Kidawa.

"Alikuwa majini, lakini ni kwa uzee."

"Chumvi gani aliyokula mwanangu?" Bi Kidawa aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Mwaka huu ndiyo kwanza alifunga Ramadhani yote bila kula kwa kujificha."

Afisa alisema hilo Serikali haina taarifa nalo. Aliomba pia kina mama wasipige yowe. Msiba wa mzee, alikumbusha, huwa na utani na pilau, kwa kuwa marehemu ameondoka akiwa ameshiba siku zake, na kumlilia mzee kama mtoto ni kumvunjia heshima. Alibaki amesimama palepale mlangoni mpaka kilio kikashuka. Bi Siwema alimshika jirani yake, wakalilia ndani ya kanga moja. Watani wa ukoo, waliokuja kutimiza wajibu wao, walikaa uani bila kupata hata mzaha mmoja wa kusema.

Alipokuwa akiaga, afisa alidokeza, ili kuwafariji, kwamba Ijumaa Kikosi kizima kitavuka mto kwa heshima ya marehemu.

Bi Siwema alipika maandazi, akaenda kambini kabla Ijumaa haijafika. Alimwamkia mwanawe bila kulazimishwa, akamkabidhi bakuli. Shomari alikuwa amekonda. Habari za Kombo alikuwa nazo, na ule utamu wa kuitwa mzee ulikuwa umemtoka wote.

"Mama, nataka nyumbani," alisema.

"Najua. Nisikilize. Kanali wenu ana miaka mingapi?"

"Wanasema arobaini na nane."

"Na wewe?"

Shomari alimtazama. "Sitini."

"Mimi nilikufundishaje? Mdogo anamtuma mkubwa?"

"Hamtumi."

"Haya. Kula andazi."

Mlinzi aliyekuwa akiwasikiliza aliridhika kwamba walikuwa wanazungumzia malezi.

*

Ijumaa asubuhi Kikosi kilipangwa kwenye ukingo wa Mavere. Maji yalikuwa yamejaa, na ng'ambo Wasioelewa walionekana wakiota moto. Kanali Tondoro, mtu mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alipanda juu ya sanduku la risasi.

"Mashujaa!" alisema. "Historia inawatazama. Mto huu si mto, ni mstari kati ya heshima na aibu. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa Taifa hili ni nyinyi. Mimi nitabaki huku, kwa masikitiko makubwa, ili pawepo mtu wa kusimulia. Haya, ingieni majini."

Hakuna aliyeingia. Mzee mmoja mfupi, mstari wa pili, aliinua mkongojo.

"Kijana," alisema Shomari. "Hujatuamkia."

Akauegemea mkongojo, nao ukamfaa. Kanali aligeuka kutafuta msaada. Pembeni yake alikuwepo mjumbe wa Wizara ya Umri, aliyetumwa kuhakikisha wazee wanapewa haki zao, na mjumbe alitikisa kichwa kuashiria kwamba mzee amesema sawa.

"Shikamooni," Kanali alisema kwa kubana meno.

"Sisi si kundi la mbuzi," alisema mzee mwingine, aliyekuwa na pengo jipya la jino. "Mzee huamkiwa na jina lake."

Basi Kanali akashuka kwenye sanduku, akaanza mstari wa kwanza. Kila mzee aliamkiwa, kila mzee aliitikia marahaba, akamuuliza Kanali habari za nyumbani, za watoto, za mvua upande wa kwao, na Kanali akajibu, kwa sababu mkubwa akikuuliza hali unajibu. Jua lilikuwa utosini alipomaliza. Akiwa amelowa jasho, akarudi juu ya sanduku.

"Sasa, wazee wangu, vukeni mto."

"Mkubwa hatumwi, mwanangu," alisema Shomari. "Nenda wewe. Miguu yako bado ina nguvu."

"Mwenzetu kasema," waliitikia wazee wengine, wakaketi chini, kila mmoja na mkongojo wake mapajani. Mmoja aliomba maji ya kunywa. Kanali alitoa bastola, akapiga hewani, na wazee kadhaa wakaanza kulia. Lakini hakuna aliyesimama. Wasioelewa walisubiri mpaka jioni, wakaamua kwamba hiyo ni mbinu mpya ya kivita, wakarudi nyuma maili mbili kwa usalama wao.

*

Kesi ilisikilizwa na Mahakama ya Kijeshi, mbele ya wageni wa Haki za Binadamu waliokuwa wamerudi. Kosa lilikuwa uasi, na adhabu ya uasi ilijulikana na kila mtu, hata Bi Siwema, aliyekaa benchi la mwisho. Alikuwa amemponza mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, hilo ndilo alilokuwa akiliwaza.

Jaji alikuwa na miaka hamsini na tano. Aliwaachia washtakiwa viti, akaendesha kesi amesimama.

"Kabla ya yote," aliuliza, "hawa ni watoto?"

Waziri wa Umri akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa Jaji, hatuna watoto jeshini. Hatujawahi. Hata hilo swali ni kosa."

"Nalifuta. Ni wazee, basi?"

"Wazee kabisa."

"Wazee walioamriwa na kijana kuingia kwenye maji ya kifuani asubuhi ya baridi." Jaji alimgeukia Kanali Tondoro, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kijana wangu, nani alikulea?"

Kanali aliona anakozamia. Akaomba kwa Waziri, palepale, aongezewe umri. Waziri alikuwa mkarimu kwa mali ya umma, akampa miaka themanini. Jaji alimpongeza, akamwamkia, kisha akauliza mtu wa miaka themanini anafanya nini jeshini wakati Sheria ya Utumishi inasema kustaafu ni sitini. Kanali akastaafishwa, akapewa redio ya mkono na kupigiwa makofi.

Hapo ndipo karani mmoja alipokohoa. Ikiwa kustaafu ni sitini, alisema, wale waliokaa kwenye viti wamestaafu tangu siku waliyovaa buti. Uasi hauwezi kufanywa na mstaafu, kwa kuwa mstaafu hana amri ya kukaidi. Waziri alifuta miwani kwa muda mrefu. Alikuwa na njia moja tu ya kuwarudisha mtoni, nayo ni kutamka mbele ya wageni kwamba ni watoto.

"Taifa linawashukuru wazee wetu kwa utumishi uliotukuka," alisema hatimaye.

Wizara haikukata tamaa. Jioni ileile iliagizwa kuandaa tangazo jipya, na safari hii ikaonywa isizidishe ukarimu: watakaoandikishwa wapewe miaka ishirini na mitano tu, basi. Darasa la sita la shule ya Mtaa wa Kinu liliambiwa likae tayari.

*

Wastaafu walirudishwa kwa lori. Dereva naye alikuwa mmoja wao, miguu ilikuwa haijafika vizuri kwenye pedeli, na Mkuu wa Wilaya aliyekaa pembeni yake alishuka akiwa amelowa jasho. Aliwaagiza watu wa Mtaa wa Kinu wasimame pande mbili za njia. Alisema maneno mengi kuhusu busara na mvi, kisha akaamuru wazee waamkiwe, na mtaa mzima ukawaamkia.

Shomari alisimama katikati ya njia na kifurushi chake. Hakujibu. Alikuwa anamtafuta mama yake kwa macho. Bi Siwema alitoka mlangoni ameshika ndoo, akaja mpaka mbele yake, akamtazama toka buti mpaka utosi. Alitaka kumkumbatia, lakini alijua akimgusa ataanguka yeye mwenyewe, na kazi ya kumrudisha mwanawe alikuwa bado hajaimaliza.

"Shomari," alisema, "shika hii ndoo, nenda kisimani. Na usikawie njiani."

"Mama," alisema Mkuu wa Wilaya, "umemtuma mzee wa Taifa hadharani. Hili ni kosa la jinai." Akageuka kutafuta mtu wa kumtuma akaite polisi. Akamtazama dereva, akawatazama waliokaa kwenye lori, akautazama mtaa uliojaa kina mama waliokunja mikono. Wote waliokuwa na miguu ya kutumwa walikuwa wazee, na darasa la sita lilikuwa shuleni limekaa tayari. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda, kwa sababu ya cheo.

Shomari alikuwa ameshaichukua ndoo. Alikwenda mbio, buti zikimpwaya, akarudi maji yamemwagika nusu, na mama yake akamgombeza kwa maji aliyoyamwaga huku machozi yakimtiririka waziwazi. Mlango mmoja baada ya mwingine ukaanza kuita. Wavulana wakateremka kwenye lori, huyu kaitwa na shangazi, yule na nyanya yake, na Mkuu wa Wilaya akabaki peke yake na hotuba yake.

Mlango wa Bi Kidawa ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Ulifunguka Shomari alipokuwa akipita.

"Shomari, njoo nikutume," alisema Bi Kidawa.

Shomari akaenda, akasimama mbele yake. Bi Kidawa alitafuta neno. Alitazama ndani, akatazama uani, akamtazama tena Shomari, mikono yake ikishika na kuachia upindo wa kanga. Hakupata kitu cha kumtuma.

"Kaa hapo kizingitini kwanza," alisema mwishowe. "Nikikumbuka nitakuambia."

Shomari akavua buti, akakaa. Mama yake alimwona kutoka ng'ambo ya njia na hakumwita. Wenzake walipoitwa kula, alikuwa bado pale, anasubiri kutumwa.